Vigango na mihadhara ya umma: wenye habari wameketi upande wa wasikilizaji

Mwaka 1999, katika mkutano wa mwaka wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, mtafiti Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi za vigango, yaani nguzo za mbao za kumbukumbu ya marehemu, vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha jimbo la Illinois. Kati ya wasikilizaji alikuwemo mwanaanthropolojia Monica Udvardy wa Chuo Kikuu cha Kentucky, na kigango kimojawapo alikitambua papo hapo. Alikuwa amekipiga picha mwaka 1985 katika boma la mzee mmoja wa pwani ya Kenya, mzee mwenyewe akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda mfupi baada ya picha hiyo kupigwa, vyote viwili viling'olewa na kuibwa. Cha pili kilikuja kugunduliwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimekwisha kurudishwa.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya wizi na urejeshaji, na ni haki yake. Lakini kwa yeyote anayeandaa mihadhara ya umma kuhusu historia, mila na sanaa za pwani, kina jambo jingine la kutazamwa kwa makini. Mhadhiri alileta picha, na jibu likatoka kwa mtu aliyekaa kitini. Tena lilipatikana kwa bahati, miaka 14 baada ya wizi, kwa sababu tu watafiti wawili waliokwisha kufanya kazi pwani walikutana katika ukumbi mmoja ng'ambo ya bahari. Picha zile zingetundikwa chini ya mwembe Kaloleni, Ganze au Magarini, huko Kilifi, wangekuwepo watu kadhaa wa kusema hiki ni cha nani.

Ratiba za mihadhara yetu mingi zimepangwa kana kwamba habari husafiri upande mmoja tu. Ngoma inafungua. Mzee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda wa pwani, na bakora yake mkononi, anaombwa atoe dua. Mgeni rasmi anahutubia dakika 40, mtaalamu anapewa saa nzima na slaidi 60, kisha mshereheshaji anatangaza kuwa muda umetutupa mkono, maswali matatu tu na yawe mafupi. Mzee anarudishwa kwao akiwa na fulana na chupa ya maji. Aliyokuja nayo kichwani anaondoka nayo, na mwakani huenda hayupo.

Mhadhara wa urithi unapaswa kupangwa kama baraza la kuuliza, na mpango huo uonekane kwenye saa, kwenye viti, kwenye karatasi na kwenye bajeti. Nitatumia vigango kama mfano, kwa sababu humo makosa yote hujitokeza waziwazi.

Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu unaosimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha heshima cha Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, ambacho mtu haingii bila kutoa mali na karamu. Juu kina kichwa, mara nyingi bapa na cha mviringo. Kiwiliwili huchongwa safu za pembetatu ndogondogo na kutiwa rangi, na kiunoni hufungwa vitambaa. Asiyekuwa wa Gohu husimikiwa kigingi kifupi kiitwacho koma, na koma ndilo pia jina la roho za waliotangulia. Kwa kawaida kigango husimikwa baada ya marehemu kumjia jamaa yake ndotoni, au baada ya maradhi na mikosi kuiandama nyumba mpaka mganga akaeleza kuwa marehemu anadai nafasi yake. Hapo humwagiwa pombe ya mnazi, hupewa chakula, huzungumzwa naye kama mzee wa boma.

Kikishasimikwa hakihamishwi. Boma likihama, kigango hubaki pale pale kwenye mahame, kinyeshewe, kiliwe na mchwa mpaka kiishe. Wafanyabiashara wa vinyago waliligeuza jambo hili kuwa kisingizio: wakasema vimetelekezwa, basi kuvichukua si wizi. Mhadhiri asiyeeleza kanuni hii ya kutohamisha, tena mapema, anawaacha wasikilizaji wa mjini na swali lile lile la mnunuzi: mbona waliviacha?

Neno la kwanza la kuangaliwa ni lile linaloandikwa kwenye bango. Pwani, ukiandika "mhadhara" peke yake, watu wengi wataelewa mhadhara wa dini, na watakuja au hawatakuja kwa sababu hiyo. Andika "mazungumzo ya historia" au "baraza la historia" na utaje kitu chenyewe. Neno la pili ni "sanamu". Mara mkalimani anapokiita kigango sanamu, Mwislamu na Mkristo waliomo mle wamekwisha kufunga masikio, kwa kuwa sanamu kwao ni kitu cha kuabudiwa badala ya Mungu. Kigango kiitwe kigango, na ikibidi kufafanua, nguzo ya kumbukumbu ya marehemu. La tatu ni "koma", ambalo wakalimani wasio wenyeji huligeuza kuwa shetani au jini. Roho ya babu si jini, na mzee anayesikia babu yake akiitwa hivyo mbele za watu hatasema neno tena siku hiyo. Keti na mkalimani siku mbili kabla, muandike maneno 20 au 30 ya mada, Kigiriama upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na mzee mmoja ayapitie.

Ruhusa ndipo penye makosa ya gharama kubwa. Waandaaji huenda kwa wazee wa kaya, wakapata baraka zao, wakadhani mambo yamekwisha. Kaya ni ya jamii nzima. Misitu ya kaya iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 ina wazee wake, miiko yake na sehemu ambazo mgeni hafiki wala hapigi picha. Kigango ni cha boma. Mwenye kauli ni familia ya marehemu, na baraza la kaya haliwezi kuitolea idhini kwa niaba yake. Ngome kama Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko chini ya Makumbusho ya Taifa, nayo ina taratibu za ofisi. Ni wenye mali wa aina tatu na idhini za aina tatu, na mada ya vigango inaweza kuzihitaji zote tatu ikiwa mtu anazungumzia boma, kaya na ukumbi wa Ngome katika alasiri moja. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na ile ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Hii ya pili inataka jamii iarifiwe na iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa. Barua ya idhini ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayosema picha zipi zitaonyeshwa, wapi, mara ngapi na nani atabaki nazo, inatosha kuanzia. Isomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi au dole gumba.

Kadzama nayo isiogopwe. Kwa desturi ilikuwa kibuyu cha mnazi wanachopelekewa wazee kabla ya kuulizwa jambo, na siku hizi mara nyingi hutolewa fedha. Wafadhili wengi huiona kama hongo na kuifuta kwenye bajeti, kisha wanalipa posho ya kikao kwa mgeni rasmi bila kusita. Iandikwe kwa jina lake, kiasi kikubaliwe mapema na ilipwe kabla ya baraza, mbele ya mashahidi. Ikilipwa baada, kila mtu ataanza kupima nani alisema mengi.

Wakati wa baraza una hesabu zake. Mjini, kati ya Mombasa na Malindi, saa bora ni kumi kamili jioni: sala ya alasiri imekwisha, na mkimaliza saa kumi na mbili kasorobo mnaiacha nafasi ya magharibi. Ukianza saa kumi na moja, nusu ya ukumbi itaondoka katikati ya maswali, na maswali ndiyo mliyoyafuata. Vijijini iangalie wiki ya Kimijikenda, ambayo ina siku nne. Siku ya mapumziko, Jumwa kwa Wagiriama, wazee hawako shambani. Epuka mwanzo wa masika, watu wanapopanda, na uliza kwanza kama kuna hanga jirani, maana hakuna baraza linaloshindana na matanga. Wagema nao hupanda minazi asubuhi na jioni. Ukiwataka, na ukiwa na akili utawataka, kwa sababu ndio wanaopita kwenye kila boma, waite katikati ya siku.

Projekta iache mjini. Chini ya mwembe mchana, hata ikiwa kali kiasi gani, kitakachoonekana kwenye kitambaa ni kivuli cha kitu. Chapisha picha kwenye karatasi ngumu ya ukubwa wa A3, moja kwa kila kigango, na kando yake fimbo ya vipimo ionekane ili watu wajue urefu halisi. Kila picha iwe na namba peke yake. Isiandikwe jina la makumbusho, wala mwaka, wala bei ya mnada. Tundika kwa vibanio kwenye kamba iliyofungwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kwa sababu watakaozitambua wengi ni wazee na watakuwa wameketi. Picha ya pili, ya karibu, ionyeshe kasoro: pembe iliyomeguka, ufa, tundu la mchwa, safu ya pembetatu ambayo mkono wa mchongaji uliteleza. Nakshi za vigango hufanana sana kwa macho ya mgeni, na mara nyingi familia hukumbuka jeraha la ubao kuliko urembo wake.

Spika mbili ziwekwe pande mbili, juu ya stendi, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Ile moja kubwa inayowekwa chini miguuni pa mzungumzaji huwapigia kelele walio mbele na kuwaacha wa nyuma bila kitu. Upepo wa kusi ukivuma, maikrofoni bila sponji husikika kama turubai linapigwa. Viti viwe nusu duara. Usiwaweke wazee safu ya mbele wakitazamana na meza kuu kama watu wa kukaguliwa.

Sasa dakika zenyewe. Baraza la dakika 105 linatosha. Mtaalamu azungumze dakika 20, ambazo kwa ukalimani zitakuwa 40. Dakika 15 zifuate za watu kusimama na kuzunguka kwenye kamba ya picha, na hapa maikrofoni izimwe, maana mazungumzo ya kweli huanza watu wakiwa wamesimama wawili wawili. Dakika 50 zilizobaki ni za waliohudhuria. Waandishi wawe wawili, mmoja anayejua Kigiriama na mwingine Kiswahili, kila mmoja na daftari lake, wasiandike kwa zamu bali kwa pamoja, jioni walinganishe. Fomu iwe na nafasi tano tu: namba ya picha, aliyesema, alichosema kwa maneno yake, alikijuaje, na kama anaridhia jina lake litajwe. Hiyo ya nne ndiyo hupuuzwa, na bila hiyo huwezi kutofautisha aliyekiona kigango kikisimikwa na aliyesimuliwa na shemeji yake.

Kuna pingamizi linalotolewa na wenzetu wa makumbusho, na ni la haki: kitu chenye thamani kikionyeshwa hadharani, wadai watakuwa wengi, na wengine watadai cha wenzao. Kwa hiyo utambuzi usianzie kwenye kamba. Familia zinazojua zimeibiwa zihojiwe kwanza, faraghani, kabla hazijaona picha yoyote: kilikuwa na urefu wa kufika wapi mwilini, kichwa cha namna gani, kilikuwa na kasoro ipi, kilisimama wapi na vingapi vingine, cha nani, kiliibwa msimu gani. Kisha wapewe picha 10 zilizochanganywa, ambamo huenda chao hakimo, na wasiambiwe kama kimo. Anayetambua baada ya kueleza ana uzito. Anayetambua baada ya kuona tu anaandikwa pia, ila kwa alama nyingine. Kazi hii inachukua nusu siku kwa familia nne au tano, na ni lazima itangulie baraza.

Lipo pingamizi jingine, zito zaidi, ambalo husikii likitajwa kwenye mipango: usalama wa watu. Vigango vingi viling'olewa usiku na vijana wa jirani, wakati mwingine wa ukoo, kwa fedha kidogo za dalali. Mtu akisimama barazani akaanza kutaja jina la mwizi, mwenyekiti amkatize hapo hapo, kwa heshima na bila kuomba radhi, na amwelekeze kwa mwandishi pembeni. Baraza si mahakama, na jina likishatoka kwenye spika halirudi. Halafu kuna jambo linaloumiza la Kilifi na Kwale, la wazee kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee mwenye mvi, anayejua majina ya mizimu, akipigwa picha akiwa na vifaa vya tambiko na picha hiyo ikabandikwa kwenye bango au kurushwa mitandaoni, umemweka katika hatari usiyoiona ukiwa ofisini. Mabango yasiwe na sura za wazee. Video ya baraza ipigwe upande wa mzungumzaji tu, na wanaotoa habari warekodiwe sauti pekee, kwa idhini. Hili halina mjadala. Hakuna kumbukumbu ya sanaa yenye thamani ya mtu huyo.

Wapo wanaosema njia hii inafaa vitu vya mbao tu, na kwamba kwenye sayansi ngumu msikilizaji hana cha kuongeza. Utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2023 unaonyesha kinyume. Ulihusu mabaki ya watu 80, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba upande wa akina mama asili yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na upande wa akina baba ilitoka kwa sehemu kubwa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa miongo mingi masimulizi ya Washirazi, yaani watu wa Uajemi, waliokuja kwa merikebu yalitupwa na wasomi wengi kama hadithi ya watu kujitafutia ubwana. Sasa yanasomwa upya, na pamoja nayo kile ambacho masimulizi hayo yalikipitia haraka, yaani akina mama wa pwani waliowapokea wageni hao na kuwalea watoto kwa lugha yao.

Mada hii ikiletwa ukumbini Mombasa au Lamu, swali la kwanza huwa: kwa hiyo sisi ni Waajemi? Mzungumzaji awe na jibu tayari, na alitoe kabla ya kuulizwa: sampuli nyingi zilitoka kwenye makaburi ya watu wenye daraja, hivyo hazisemi lolote la moja kwa moja kuhusu mvuvi au mtumwa wa mji huo huo. Kisha awageukie wenye nasaba zilizoandikwa nyumbani. Familia nyingi za Lamu na Mombasa zina shajara za vizazi. Ni muhimu kuuliza zinasema nini kuhusu bibi, au kama majina ya bibi yamo kabisa. Swali hilo maabara haiwezi kulijibu.

Turudi kwenye vigango, kwa sababu kazi imekuja nyumbani. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kurudisha 30. Makumbusho ya jimbo la Illinois, yaliyorithi mkusanyo ule wa chuo kikuu, yalirudisha 37 mwaka 2023. Vimekabidhiwa Makumbusho ya Taifa, kwa sababu boma la asili la vingi halijulikani: aliyeuza hakuandika, aliyenunua hakuuliza. Kila mwaka unaopita, waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980, na walioviona vikisimama, wanapungua.

Kwa vigango 67 inatosha kamba mbili za picha, zinazozungushwa kwa awamu katika baraza moja kila tarafa, kuanzia Kaloleni na Rabai, kisha Ganze, Bahari, Magarini na Malindi. Kila baraza lifuatwe na ziara ya pili baada ya siku 30, kwa kuwa wengi hukumbuka usiku baada ya wageni kuondoka, na wengine huenda kwanza kuwauliza shangazi zao walioolewa mbali. Katika ziara hiyo ya pili waandishi warudi na fomu zilizochapwa, wazisome kwa sauti, warekebishe majina yaliyokosewa, na waiachie kila familia nakala yake pamoja na picha yenye namba. Palipopatikana utambuzi wenye uzito, familia iulizwe inataka nini: kirudi bomani, kibaki Nairobi, au kisimikwe kingine kipya na cha zamani kiachwe. Majibu hayatafanana, maana kwa wengine mahame yameuzwa na kwa wengine waliobaki wameokoka na hawataki kitu hicho uani.

Na kwenye kamba, ile picha ya karibu ya pembe iliyomeguka iwekwe mwanzo, pale wazee wanapoingilia.